Karani wa Malango Saba

Kiwandani walimwita Mkaguzi, na jina hilo hakulichukia. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama mwisho wa mstari wa cherehani. Shati likimfikia analigeuza kola, analivuta kwapa, anahesabu mishono ya pindo kwa ncha ya ukucha, kisha analipitisha au analirudisha lilikotoka. Mafundi walisema macho yake yanaona uzi uliolegea hata nyuma ya ukuta. Sasa alikuwa mkuu wa wakaguzi wote wanane. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume, hana mtoto, ila alikuwa na mama yake, ambaye aliishi naye vyumba viwili ghorofa ya pili, na alikuwa na Malango Saba.

Malango Saba ulikuwa mchezo wa mtandaoni. Unaupakua bure, unachagua shujaa wako, unampa silaha, kisha unaingia naye katika nchi yenye malango saba, kila lango na mlinzi wake. Mapigano ni ya papo kwa papo. Ukichelewesha kidole umekwisha. Na hupigani peke yako: unapigana bega kwa bega na watu usiowajua, ambao nao wamekaa vyumbani mwao kama wewe. Mkaguzi alikuwa na miaka minne humo ndani. Aliongoza kikosi cha watu arobaini, na kila Jumamosi mchana aliwapokea wageni na kuwavusha lango la kwanza. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," aliwaambia, na kweli ikifika siku ya tatu aliwaachia wajitegemee. Walimheshimu sana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumtania.

Mama yake alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na mmoja katika ofisi moja ya mawakili, vidole kumi kwenye mashine, macho kwenye karatasi, hati baada ya hati. Alipostaafu, vidole vilikataa kustaafu naye. Viligonga meza, viligonga mkono wa kochi, viligonga paja lake mwenyewe wakati anasikiliza redio. Mkaguzi akirudi nyumbani na kelele za cherehani mia mbili bado zinamvuma kichwani, akikaa tu, anasikia ta-ta-ta-ta. Jumamosi moja uvumilivu ukamwisha.

"Mama, njoo ukae hapa."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Kaa nikupe kazi ya hivyo vidole."

Mama akakaa mbele ya kompyuta, akaweka sawa miwani, akakitazama kioo kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

"Huu wanauuza bei gani?"

"Bure."

"Hakuna cha bure. Hao waliouunda wanakula nini?"

"Wanauza nguo. Ukitaka shujaa wako apendeze, unamnunulia. Usipotaka, unapigana na matambara yako vilevile, na unashinda."

"Nguo za mtu wa kwenye kioo!" Mama akacheka hadi akashika ubavu. "Na nyinyi kiwandani mnashona za watu wenye miili, halafu wanalalamika."

Akaambiwa achague: askari wa ngao, mpiga mishale, mchawi wa moto au tabibu. Akamchagua tabibu, kwa sababu tabibu alikuwa na mkoba. Akaambiwa amwite jina. Akaandika *Karani*. Tabibu wake akatembea hatua kumi nje ya kijiji, akakutana na nguruwe pori mkubwa kama ng'ombe, akasimama kumtazama.

"Mama, mpige!"

"Hajanifanya kitu."

Nguruwe akamrukia, Karani akaanguka, kioo kikawa chekundu.

"Haya," mama akasema. "Sasa kanifanya."

Alijaribu mara ya pili, akaanguka. Ya tatu, akaanguka. Mkaguzi alikuwa anamwonyesha vialama vidogo chini ya kioo, hiki cha kuponya, hiki cha kukwepa, na mama anavitafuta kama mtu anayetafuta sindano zuliani. Mwisho akainua mkono.

"Acha kunionyesha picha. Niambie herufi."

"Kuponya ni R. Kupiga ni F. Kinga ni G. Kukwepa ni kile kibonye kirefu cha chini."

Mama akafumba macho kidogo, midomo ikicheza, kama mtu anayepokea maneno ya bosi wake kabla ya kuyapiga. Alipofumbua, hakuitazama tena kibodi. Nguruwe akaja, Karani akakwepa. Akaja, akakwepa, akapiga, akajiponya, akapiga. Nguruwe akalala chali.

Mkaguzi alipiga makofi. Siku hiyo moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Wiki ya pili akamletea mama kompyuta yake mwenyewe, iliyotumika, akaiweka kwenye meza ya kulia. Yake ilibaki pale dirishani. Kutoka kiti kimoja hadi kingine zilikuwa hatua tano.

Kumbe hatua tano zinatosha mtu kusikia kila kitu.

Mama hakuchukua mwezi kuvuka lango la pili. Watu wakaanza kumtafuta, kwanza kwa sababu alikuwa tabibu mwepesi wa mkono, halafu kwa sababu ya maandishi yake. Wengine kwenye Malango Saba waliandika kama wanakimbizwa, herufi zimekatwa mikia na vichwa. Karani aliandika sentensi nzima, mkato mahali pake, nukta mahali pake, na aliandika wakati anapigana. "Usiogope, mjukuu wangu. Jongea nyuma hatua mbili, nitakuponya, kisha tutamrudia." Kikosi kizima kikampenda. Wageni walioingia Jumamosi wakawa wanauliza kama wanaweza kufundishwa na Karani. Dereva, msaidizi wa Mkaguzi, mwanamume mwenye sauti nzito aliyecheza wakati lori lake linashushwa mizigo, alisema mbele ya wote kwenye hedifoni, "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tangu huyu bibi aingie, sijafa wiki nzima."

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akacheka. Miaka minne alikuwa anawapokea wageni, na hakuna aliyewahi kusema amepona kwa sababu yake.

Hilo angelivumilia. Lililomshinda lilikuwa jingine.

Kulikuwa na mgeni mmoja aliyejiita Kifaranga. Alikuwa mpiga mishale, na alikuwa hajui kupiga mishale. Anakwenda vizuri, anakwenda vizuri, ghafla anasimama kama mti, anauawa. Alikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote ambaye Mkaguzi aliwahi kumwona. Wengine wakamkwepa, lakini mama akamchukua. Kila siku saa sita mchana na saa kumi jioni, Karani na Kifaranga walikuwa pamoja kwenye lango la tatu, wanashindwa, wanarudia. Siku za mapumziko Mkaguzi alikuwa dirishani, mgongo ameupa meza ya kulia, na alimsikia mama akiongea kwenye hedifoni.

"Vizuri! Umeona? Umefanya vizuri sana, mwanangu. Safari hii umefika mbali."

Mkaguzi aliacha kubonyeza. Shujaa wake akasimama, akapigwa, akaanguka, na yeye hakuona.

Alipokuwa wa kwanza darasani, mama aliuliza wa pili amepata ngapi. Alipopewa ukuu wa wakaguzi alileta barua nyumbani, akamwekea mama mapajani. Mama aliisoma mpaka mwisho, akagusa mstari wa tatu kwa kidole: "Hapa walipaswa kuweka nukta." Akamrudishia. Mwanangu? Mama alimwita *wewe*. *Wewe umekula? Wewe, funga dirisha.* Miaka thelathini na minne hajawahi kusikia neno lile likielekezwa kwake kwa sauti ile, na leo analipata mtu asiyejua hata kukwepa.

Wivu una aibu zake. Mkaguzi alijua kwamba mtu mzima hamwonei wivu mgeni wa kwenye mchezo. Alijiambia hivyo akipiga mswaki, alijiambia hivyo akipindua kola. Haikusaidia. Jioni akiwa jikoni alijikuta amesimama na kisu mkononi, kitunguu nusu, akitega sikio. Alihesabu. Jumatatu, *mwanangu* mara sita. Jumanne, mara tisa. Akaanza kufanya mambo ya kitoto: alipita nyuma ya kiti cha mama akitaja ameua nani, amepata nini. Mama alijibu, "Ee, hongera," bila kugeuka, kama anavyomjibu mtangazaji wa redio.

Halafu likaja la joho.

Mkaguzi alikuwa na joho la kijani, ambalo mlinzi wa lango la tano hulidondosha mara chache mno. Alilihangaikia miezi mitano. Mtu akilivaa, kila pigo linapungua nusu. Siku mama alipovuka lango la pili, Mkaguzi alimpa. Hakusema kitu, alilituma tu, kwa sababu hakujua njia nyingine ya kusema. Mama alilivaa, akasema, "Rangi nzuri."

Siku moja katikati ya wiki akamwona Kifaranga amesimama kwenye uwanja wa wageni, kijani mabegani.

"Mama," alisema, akijitahidi sauti isipande. "Joho liko wapi?"

"Nimempa mtoto yule. Alikuwa anakufa mno."

"Nilikupa wewe."

"Na mimi nikampa. Si nguo ya mtu wa kwenye kioo? Mbona umenuna?"

"Sijanuna."

Alikuwa amenuna. Alikwenda chumbani, akakaa kitandani, akatazama vidole vyake vya miguu. Mama hakumfuata. Baada ya muda akasikia kicheko mezani.

Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Mama alikwenda kupima macho. Mkaguzi alibaki peke yake na kompyuta mbili. Kikosi kilikuwa na kanuni ya zamani, aliyoiandika mwenyewe, kwamba mgeni asiyefika ngazi ya ishirini ndani ya siku thelathini anaweza kutolewa. Hakuwahi kuitumia kwa mtu yeyote. Kulikuwa na watu wa ngazi ya kumi na mbili waliokaa humo mwaka mzima. Kifaranga alikuwa ngazi ya kumi na tisa, siku ya thelathini na moja.

Akabonyeza *toa*.

Angeishia hapo, pengine yangekwisha kwa maneno mawili. Lakini wivu ukishapewa mkono hutaka bega. Kulikuwa na kisanduku cha ujumbe kwa anayetolewa. Hakionyeshi jina la mwandishi, kinaandika tu *Uongozi wa Kikosi*. Na viongozi walikuwa watatu. Mkaguzi akaandika: *Karani ameomba usimsumbue tena,amechoka kukubeba,tafuta kikosi kingine.* Akatuma. Kisha akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mama alirudi na miwani mipya. Saa kumi jioni alikaa mezani, akasubiri. Akauliza, "Kifaranga simwoni."

"Labda ana kazi."

Ikafika kesho. "Hayumo hata kwenye orodha."

"Labda amejitoa. Wageni wengi huacha. Cha bure, mama, watu hawakithamini."

Mama aliandika barua. Hazikujibiwa. Aliandika kila siku kwa siku tisa, barua nzimanzima zenye salamu mwanzoni, kama za ofisini. Alipungua kucheza. Wageni walimwita, akawaponya vizuri tu, ila hakuandika kitu. Akawa anakaa kwenye kochi mikono imelala mapajani, imetulia kabisa, na Mkaguzi, aliyekuwa ametamani utulivu huo kwa miezi, akaona haumfai hata kidogo. Alikuwa amefikiri Kifaranga akiondoka, nafasi itabaki wazi, na yeye atapita hapo. Nafasi ilibaki wazi, naye akabaki nje vilevile.

Siku ya kumi, kabla ya chakula cha jioni, mama alimwita.

"Wewe. Njoo usome."

Kwenye kioo palikuwa na jibu. *Mama, mbona unaniandikia tena na ulishasema nimekuchosha? Sikukasirika. Ila ningependa uniambie mwenyewe.* Chini yake Kifaranga alikuwa ameunakili ujumbe wa Uongozi, neno kwa neno.

Mkaguzi alisoma.

"Nani kaiandika hii?" mama aliuliza.

"Viongozi tuko watatu."

"Sikuuliza mko wangapi." Mama akavua miwani yake mipya, akaifuta kwa kanga, akaivaa. "Nimesoma hati za watu kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mtu ana mkono wake, hata kwenye mashine. Dereva haweki mkato kabisa. Wewe unaweka, halafu huachi nafasi baada yake. Tangu shule ya msingi nakwambia."

Kwa jirani mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Ni mimi," Mkaguzi akasema.

"Kwa nini?"

Alikuwa amejiandaa kutaja kanuni, siku thelathini, ngazi ya ishirini. Kilichotoka hakikuwa hicho. "Kwa sababu unamwambia vizuri! Kila siku, vizuri mwanangu, vizuri mwanangu, mtu hata kukwepa hajui! Mimi hujaniambia, mama. Hata siku moja. Nimekuletea barua ya kazi ukaniambia nukta. Nimekupa joho umelitoa kama tambara la kufutia meza. Mimi ndiye niliyekuingiza humu!" Akawa analia, na alichukia kulia, kwa hiyo akalia kwa hasira.

Mama aliivua tena miwani.

"Nakuogopa," alisema.

"Unaniogopa?"

"Tangu ukiwa na miaka tisa. Ulirudi shule ukanikuta nimeunguza maharage. Ukaangalia sufuria, ukaniangalia mimi, hukusema neno. Nilijiona kama barua iliyorudishwa kwa makosa. Toka siku ile nikitaka kukusifu, naona utaniuliza vizuri kwa kipimo gani. Yule nikimwambia vizuri anacheka, basi, tunaendelea."

"Nilikuwa na njaa tu, mama."

"Sasa mimi ningejuaje?"

Pengine kama wangekuwa watu wengine wangekumbatiana. Mama alisogeza kiti, akasimama.

"Haya yetu yana miaka ishirini na mitano, yanaweza kungoja. La yule dada haliwezi. Umemsemea maneno kwa kinywa changu. Utayaondoa mwenyewe, mimi sitakupigia chapa."

Asubuhi Mkaguzi alipofungua mchezo, jina la Karani halikuwemo tena kwenye kikosi. Watu wakauliza. Jumamosi, wageni sita wakiwa wamejipanga langoni na wenyeji zaidi ya ishirini wakisikiliza, aliwasha kipaza sauti akasema yote: aliyemtoa Kifaranga ni yeye, maneno ya Karani aliyatunga yeye, na sababu ilikuwa wivu. Neno hilo la mwisho lilimtoka kama mfupa wa samaki. Watatu wakajitoa hapohapo. Mtu mmoja akacheka. Dereva akasafisha koo.

"Mkuu, umekosa. Lakini umesema. Haya, wageni wanasubiri."

Alimwandikia Kifaranga pia, na safari hii aliacha nafasi baada ya kila mkato. Wiki ikapita bila jibu. Mama, ambaye sasa alicheza na Kifaranga katika kikosi cha watu wawili tu, alimwangalia akifungua kisanduku cha barua na kukifunga.

"Samahani ya kuandikwa husomwa kwa sauti ya anayesoma," alisema. "Nenda ukamwone."

"Nitamwonea wapi?"

"Jengo lile la kijivu nyuma ya posta, la ghorofa tisa. Ulizia lifti."

"Ofisi gani?"

"Nimekwambia lifti."

Mkaguzi aliomba nusu siku kazini, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili. Akaingia jengo la kijivu, akasimama mbele ya lifti, milango ikafunguka. Ndani, kwenye kigoda cha mviringo kando ya vibonye, alikaa mwanamke mfupi aliyevaa sare ya buluu, mvi zimemwanza kando ya masikio. Simu ndogo yenye kioo kilichopasuka ilikuwa imeegemezwa kwenye goti lake. Kwenye kioo hicho Mkaguzi aliona kijani. Alikuwa amemtarajia msichana. Huyu alimzidi kwa miaka kumi, ikiwa si zaidi.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Yoyote."

Mwanamke akamtazama. Milango ikajifunga, na kwenye simu mpiga mishale akasimama kama mti.

"Mtandao unakatika milango ikijifunga," Mkaguzi akasema, zaidi kwa nafsi yake.

"Kila mara. Ikifunguka narudi, nakuta nimeshakufa." Kisha akauliza, "Wewe ndiye binti?"

"Ndimi."

Ghorofa ya tatu wakaingia wanaume wawili na maboksi ya karatasi. Wakapanda nao hadi ya sita. Wanaume wakatoka.

"Nimekuja kuomba radhi," Mkaguzi akasema. "Yale maneno hakuyasema mama. Hajachoka. Niliyatunga."

"Najua. Kanieleza." Kifaranga akabonyeza tisa. "Nikwambie kilichoniuma? Kutolewa si kitu, mimi nimezoea kufa. Ila mimi hapa watu mia nne kwa siku wananitajia namba. Tano. Nane. Chini. Mama yako peke yake ndiye aliyeniuliza nimekula. Halafu nikasoma kwamba nimemchosha. Niliteremka siku nzima nikihisi hii lifti haina chini."

Ghorofa ya nane mzee mwenye fimbo akaingia, akasema "chini" bila kumtazama mtu, wakateremka naye hadi chini, akatoka, wakapanda tena.

"Samahani," Mkaguzi akasema. Baada ya ghorofa mbili, ingawa alijua si mahali pake, akauliza, "Huwa ananitaja? Mnapocheza."

Kifaranga alifikiri kwa uaminifu. "Mara moja. Alisema unakoroma."

Mkaguzi, bila kutaka, akacheka, na mwenzake akacheka, na milango ikafunguka mbele ya mfanyakazi wa ghorofa ya saba aliyekuta wanawake wawili wazima wanajifuta machozi.

"Kikosini kwako sirudi," Kifaranga alimwambia alipokuwa anatoka. "Lakini mama kanialika Jumamosi, nina nusu siku. Nikija usinifungie mlango."

Alikuja, na viatu vyake vya kazini. Mkaguzi ndiye aliyefungua. Mama alimpokea kwa mikono miwili, akampapasa uso kama anayesahihisha picha aliyokuwa nayo kichwani, na Mkaguzi, akiwa amesimama na birika la chai, alisikia kijicho kikimchoma palepale kilipozoea kuchoma. Hakikuwa kimekwisha. Aliweka birika chini.

"Kaa pale kwangu," alimwambia Kifaranga, akamwonyesha kiti cha dirishani. "Huo mtandao haukatiki."

Mlinzi wa lango la tatu ni jitu lenye nyundo mbili. Kifaranga alikuwa amefia mbele yake mara hamsini na zaidi. Safari hii hakusimama kama mti. Kumbe dada alijua kukwepa, alijua kulenga, alijua kila kitu. Alikuwa amejifunza yote kwa vipande vya nusu dakika, milango ya lifti ikiwa wazi. Jitu likapiga magoti, likaanguka, lango likafunguka. Mama aliruka kitini.

"Vizuri! Vizuri sana, mwanangu!"

Mkaguzi akachukua vikombe vitupu, akaelekea jikoni.

"Wewe," mama akamwita. "Unakwenda wapi?"

"Kuosha vikombe."

"Acha vikombe." Mama alikuwa anatazama kibodi, jambo ambalo hakulifanya kamwe. "Hili lango la nne, nimelijaribu peke yangu wiki mbili. Linanishinda. Sijui naanzia wapi."

"Wiki mbili? Mbona hukuniuliza? Mimi nimelivuka mara mia."

"Ndiyo maana."

Kifaranga alikuwa amegeuza shingo, anasubiri. Mkaguzi alisimama katikati ya chumba na vikombe vyake. Halafu akaviweka sakafuni, akavuta kigoda kutoka jikoni, akakiweka kati ya meza na dirisha, mahali ambapo aliviona vioo vyote viwili.

"Lango la nne hamwanzi kwa kupiga," alisema. "Mnaanza kwa kumsikiliza mlinzi. Ana pumzi tatu kabla hajarusha moto. Mama, toa hedifoni, weka sauti kwenye spika, tusikie sote."

Mama akaitoa.